Buji Ndani ya Mkalitusi

Msumeno wa seremala Moubarak ulipiga ukelele, ukaruka, meno yake yakatawanyika sakafuni. Moubarak akazima mashine, akatukana kwa Kirundi, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa Kiarabu. Ndivyo tulivyo watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mjini: mdomo mmoja na lugha zote.

"Mzee Massoudi, njoo uone! Siku hizi miti inazaa vyuma!"

Massoudi alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anasubiri mlango wake. Ule wa zamani ulitobolewa na vipande vya bomu mwaka uliopita, na mkewe Asiya alikuwa amechoka kuziba matundu kwa magazeti. Akainuka bila haraka. Fundi wa injini kama yeye, chuma kitamshangaza nini? Akainama kutazama.

Katikati ya ule ubao mwekundu palikuwa na buji, kile kidude cha kuwashia moto kwenye injini. Mti ulikuwa umeimeza mzimamzima. Shingoni ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba.

"Ya Rabbi," akasema Massoudi. Buji ile aliipigilia yeye mwenyewe.

Nani mwingine chini ya jua la Mungu angeweka mpaka wa shamba kwa buji? Mwaka mmoja kabla vita haijalipuka, alinunua kipande cha mlima juu ya mtaa wa Kanyosha, pembeni mwa mji, kimejaa mikalitusi michanga. Wenzake hupanda minyaa mpakani. Yeye alibeba mfuko wa buji mbovu kutoka gereji, akazifunga waya wa shaba shingoni ziwe alama yake, akatoboa miti ya pembeni mmoja mmoja, akapigilia. Rafiki yake Sylvère, mwenyeji wa mlima ule aliyemtafutia shamba, alicheka mpaka akakaa chini. "Massoudi, we unapanda miti ama unapanda Peugeot?"

Na shamba lile halikununuliwa kwa jasho la gereji, msidanganyike. Lilinunuliwa kwa vikuku vya dhahabu vya Asiya, alivyoachiwa na mama yake wa Ujiji. Siku alipovivua alilia waziwazi. "Baba Saliha, mi nakupa mikono yangu," alisema. "Usikuje kunirudishia maneno. Unirudishie dhahabu."

Sasa sikieni kosa lilipoanzia. Kule mlimani, shamba haliwi lako kwa sababu umelipa. Linakuwa lako wazee wakikuona umekaa nao, mtungi wa pombe ya ndizi umewekwa katikati, mpaka umetajwa mbele yako, nanyi mmekunywa pamoja. Massoudi ni mtu wa swala tano. Pombe, hata harufu yake hataki. Asiya alimwambia, "Nenda tu, ukae nao, we unywe Fanta." Akakataa katakata. Mtu mzima ana kichwa kigumu kuliko injini ya lori! Alilipia mtungi, akamwambia Sylvère, "Kaa pale kwa niaba yangu."

Vita ikaja, njia ya mlimani ikafungwa. Sylvère akauawa, na Massoudi alimlilia kama ndugu wa tumbo moja. Lakini kuhusu miti hakuwa na wasiwasi. "Mti haukimbii vita," alikuwa akisema. Nchi ilipowekewa vikwazo vya biashara na mbao zikapanda bei, mchuuzi alimfuata gereji akitaka kununua msitu wote vile ulivyosimama, kabla hata ya kufika kuuona. Akakataa, eti bei itapanda tena. Ikapanda, akazidi kukataa. Halafu akasikia redioni kwamba kuna Wazungu wanataka kulipia miti isiyokatwa, kwa sababu inasafisha hewa. Basi tena! "Mbao unauza mara moja," aliwaambia vijana wa gereji. "Pumzi ya mti unauza kila mwaka." Wakambandika jina, Bwana Hewa. Asiya peke yake hakucheka. Alisubiri, mikono mitupu.

"Ule ubao umetoa wapi?" Massoudi aliuliza.

"Kwa Claude, mdogo wake marehemu Sylvère," Moubarak akajibu. "Ameuza musitu wao yote. Mlima umebaki kipara, mzee. Kwani kuna nini?"

Massoudi akachukua koleo. Akaing'oa buji, akaitia mfukoni, akashika njia ya Kanyosha.

Mzee Jovithe alikuwa mmoja wa wale wazee wa mtungi. Vita ilimkimbiza mlimani, sasa anauza viazi vitamu hapo Kanyosha mbele ya chumba cha kupanga. Alimpokea vizuri, akamfutia kigoda. Massoudi akamwekea buji mkononi, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Mzee akaigeuzageuza. 

"Mungu wangu," akasema. "Claude alikuja kutuuliza kama ile miti ilikuwa ya kaka yake. Tukasema ndiyo. Tuliapa, mwanangu! Sisi tulikunywa na Sylvère. Mutu mwingine hatukumuona."

"Mi nilimutuma! Hakuwaambia?"

"Hilo hakusema, alisema tu kuna rafiki yake wa Buyenzi atakuja, labda alitumaini utabadili nia. Hata kreti ya Fanta tuliiweka pembeni, tukaifunika na majani ya ndizi isipate jua. Tulijua nyinyi Waislamu hamunywi pombe." Akamtazama machoni. "Tulikungoja mpaka jua likazama. Hukukuja. Tukasema, basi mwenye shamba ni huyu aliyekaa."

Massoudi alitaka kupiga kelele, ampate mtu wa kumlaumu. Hakumpata. Claude aliuliza, wazee wakasema walichokiona, Sylvère yuko kaburini.

"Na Fanta?" akauliza, kama mtu aliyepigwa kichwani.

"Tuliwapa watoto."

Nyumbani alimkuta Asiya anachambua maharagwe. Akaketi chini mbele yake, akamsimulia, hakuficha hata neno. Asiya aliacha mkono wake ndani ya ungo. 

"Fanta, Baba Saliha?" akasema. "Dhahabu ya mama yangu imenywewa Fanta na watoto?"

Massoudi akaanza kuchambua maharagwe naye. Alikuwa ameambiwa zamani asilete maneno.

Kesho yake Moubarak alileta mlango. Hakuwa na mbao nyingine, aliutengeneza kwa zile zile, na tundu la buji akaliziba kwa nta. Massoudi akataka kuurudisha. Asiya akasema, "Apana, mufunge hapa hapa," akasimama kuangalia mpaka bawaba ya mwisho.

Jioni Saliha, binti yao, aliingia mbiombio akaubamiza nyuma yake. Asiya akaruka kutoka mkekani.

"Pole pole na huo mlango!" akafoka, mkono wake mtupu juu ya ubao. "Huo ndio musitu wangu."