Vidole vya Fundi Mwashi

Karani wa dirisha la nne alinyoosha mkono bila kuniangalia.

"Kitambulisho cha marehemu."

"Hana."

"Dada, kibali cha mazishi hakitoki mpaka kitambulisho kirudishwe."

"Hakuwahi kupewa. Kitarudi vipi?"

Miaka sita baba yangu alikuwa akija kwenye dirisha hilihili. Alikuwa fundi mwashi, na saruji ilikuwa imezila alama zote za vidole vyake. Kila akiweka dole gumba, mashine inawaka taa nyekundu, na huyuhuyu karani anamwambia apumzishe mikono, ajipake mafuta, arudi mwezi ujao. Baba alijipaka mafuta mpaka mwiko ukawa unamponyoka kazini. Mwaka jana figo zilipoanza kumsumbua, hospitali ya rufaa nayo ikamkataa: bila kitambulisho huna faili, bila faili huna kitanda. Juzi akafia nyumbani, mkono wake mkononi mwangu.

Karani alipekua kitabu cha taratibu, akalamba kidole, akapekua tena. Uso ukamchangamka.

"Hili jepesi. Tunamtengenezea, halafu unakirudisha."

Nilidhani ananitania, lakini bwana yule hana utani hata wa kuazima.

"Na alama za vidole?"

"Marehemu amesamehewa alama za vidole. Jaza fomu hii, saini hapa chini."

"Si mngemsamehe akiwa hai?"

"Akiwa hai ana vidole, dada."

Simu ikaita. Baba mdogo alikuwa mochwari: kaburi limeshachimbwa, ndugu wako juani tangu asubuhi, na wenye mochwari hawautoi mwili bila kibali. Nimekwama wapi? Nikamwambia nasubiri kaka yake atengenezewe kitambulisho. Akaniuliza kwa upole kama nimekula.

Nikakaa kwenye benchi, macho kwenye saa ya ukutani, maana ndiyo pekee niliyoiona ikifanya kazi humo ndani. Dakika arobaini baadaye karani akaniita. Kadi ilikuwa bado na joto la mashine. Picha ni ile aliyopigwa siku ya kwanza, kabla hajakonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Miaka sita ya kupanda ngazi zile, kumbe ilikuwa kazi ya dakika arobaini.

"Naomba nikae nayo kidogo," nikasema.

"Hairuhusiwi kukaa na kitambulisho cha mtu mwingine."

Akachukua mkasi, akaikata kadi, uso wa baba vipande viwili. Nikasaini kwamba kimerudishwa. Akagonga muhuri kwenye kibali, akanisukumia karatasi. Nilitamani kumvuta kwa tai yake mpaka atoke kwenye lile dirisha. Lakini kibali alikuwa bado amekishika kwa vidole viwili, ananitazama, anasubiri.

"Asante, kaka," nikamwambia.

Ndipo akakiachia.