Mtukufu Ametulia

Nchi ya Fuvuni, iliyozungushiwa ukuta wa mfupa mgumu usiopenyeza hata fununu, ilijaa watu wa moto: walibishana sokoni, walibishana misibani, na wakibaki wawili tu walibishana nani kaanza. Muumba, kwa kujua wazi kuwa amezidisha kuni, alimpa kila mmoja wao kilango kidogo kisogoni, akawapa na watu wapole walioitwa Wabembelezi. Mbembelezi akimwona mtu anachemka, humgusisha ufunguo kisogoni. Kilango hufunguka kufumba na kufumbua, maji ya chumvi humwingia, joto likashuka, kilango kikajifunga. Mtu akarudi kubishana, ila kwa adabu.

Mtukufu Kabari, mwenye nchi, hakupenda kubishiwa hata kwa adabu. Waziri wake wa Utulivu, Bwana Lainisha, ambaye hata akikutukana ungedhani anakubembeleza, ndiye aliyegundua kwamba kando ya tundu la ufunguo kuna kitundu cha pili. Akakidondoshea mafuta. Ajabu! Mafuta hayakufungua kilango, wala. Hayakuwa na ujeuri huo. Yalifanya tu ufunguo uleule ukigusa, kilango kifunguke tena na tena na tena. Watu wakalainika. Visima vya umma vikatiwa kufuli, nao wakapiga miayo. Ikatungwa na sheria: aliyetulia asisumbuliwe, na atakayesema kwamba aliyetulia hakutulia ni mhaini, akatwe kichwa. Taratibu, bila shaka.

Wa kwanza kutiwa mafuta alikuwa Hamaki, mwoka mikate, aliyepiga kelele kisima cha mtaani kwake kilipotangulia kufungwa, kwa majaribio. Dada yake, Bi Shwari, alikuwa Mbembelezi wa miaka mingi, na aliona kwa macho yake jinsi kilango cha kaka yake kilivyozoea kikawa kiziwi: tone moja halikutosha, yakawa matano, yakawa ishirini, na ufunguo wake yeye Shwari, bila mafuta, ukawa kama kubisha hodi kwenye gofu. Iliuma. Kazi ya ukoo mzima imegeuzwa mapambo.

Kisha Mtukufu mwenyewe akaonja mafuta, akayapenda, na ilipofika sikukuu ya kutawazwa kwake akaamuru chupa zote za nchi zipelekwe ikulu. Siku ya tatu bila tone, Hamaki alianguka kwenye unga wake, akatupatupa miguu, akauma ulimi hadi damu. Kilango kilichozoea kusukumwa hakiachwi ghafla. Hupunguziwa tone kwa tone. Shwari alijua kwamba degedege la pili lingemwua. Akamwacha kwa jirani, akakimbia ikulu.

“Mtukufu, nakuomba matone ishirini tu,” alisema, amepiga magoti. “Kaka yangu anakufa.”

Kabari alimtazama kwa macho mazito. “Si atulie mwenyewe? Mbona mimi nimetulia?” Akajidondoshea kisogoni matone arubaini, akachukua kata ya mvinyo.

Shwari akashtuka. “Usinywe, Mtukufu! Mvinyo nao unasukuma kilango hichohicho. Viwili vikisukuma pamoja, hata pumzi hutulia!”

“Mama, unamsumbua,” alisema Waziri.

Mtukufu akanywa kata tatu. Kichwa kikashuka kifuani, kata ikaanguka, tumbo lililokuwa likipanda na kushuka likapunguza mwendo. Wapambe wakapiga makofi kwa ncha za vidole.

“Nina kijiti hapa,” Shwari alinong'ona. “Nikikipachika kitunduni kinayatoa mafuta. Nimwamshe?”

“Thubutu!” Waziri akamkata kauli. “Ametulia. Au wewe unasema hakutulia?”

Shwari alimtazama Mtukufu, midomo imeanza kubadilika rangi. Akamwazia Hamaki sakafuni. Hasira ilimpanda, hasira safi ya Kifuvuni, akaimeza.

“Sisemi hivyo, Bwana Waziri. Hakika ametulia, tena haijawahi kuonekana. Sasa mtu aliyetulia kiasi hiki, chupa zile za nini? Au bado anazihitaji?”

Lainisha akazitazama chupa. Akisema anazihitaji, basi hakutulia. Na sheria aliiandika kwa mkono wake. “Mpeni zote,” alisema.

Hamaki alipata ishirini yake siku ile, kesho yake kumi na tisa, na mtaa mzima ukapanga foleni kwa Shwari kupunguziwa hivyohivyo. Wiki zikapita. Taratibu watu wakaanza kukunja uso, kisha kuuliza, kisha kupiga kelele kama walivyoumbwa, hadi asubuhi moja kufuli za visima zikavunjwa kwa mawe.

Mkuu wa askari alikwenda mbio ikulu kuomba amri. Alimkuta Waziri kando ya kiti cha enzi, amejifunika pua, akimfukuzia Mtukufu nzi.

“Tuwapige, Mtukufu?” aliuliza mara ya kwanza, na ya pili. Hakujibiwa, na kwa kuwa sheria ilikataza kumsumbua, askari wote wakaweka silaha chini, wakakaa kumsubiri.