Mfuko Ndani ya Kiti

Gari liliondoka saa nne asubuhi, nje ya wodi. Mwenyewe aliondoka saa sita, ndani ya wodi. Mke wake, mshona viti vya magari, alipotoka na viatu vya marehemu mkononi, alikuta doa la oili tu pale gari lilipoibwa.

Wiki tatu baadaye akaitwa kituoni: gari limepatikana. Mdogo wa marehemu alifuatana naye.

Redio ilikuwa imeng'olewa, tairi la akiba halipo. Mjane hakuyajali hayo. Alipiga goti penye kiti cha dereva. Mshono wa chini, ule aliourudia mara mbili kwa uzi wa nta, ulikuwa umechanwa kwa wembe, na sponji ndani yake ilikuwa bado ya manjano safi, haijashika vumbi. Hilo lilikuwa jeraha la jana, gari likiwa tayari kituoni.

Miaka sita nyuma mumewe ndiye aliyeuomba mfuko ule wa siri ndani ya kiti. "Nishonee pahali ambapo hata mwizi hafiki." Wakacheka. Kisha akamwapisha: ndugu zake wasijue kilichomo, hata akishazikwa.

Mwizi kweli hakufika.

Sajini alisoma kwa sauti orodha ya vitu vilivyokutwa garini, kama mwalimu anayeita majina. Jeki moja. Kandambili jozi moja. Kadi ya kliniki ya wagonjwa wa akili, moja.

"Ya nani?" shemeji akauliza.

Sajini akamsomea jina, kisha tarehe, kisha dawa.

"Mlikuwa mnatafuta nini, afande?" mjane akauliza.

"Vitu vya wezi, mama. Gari la wizi halina siri."

"Kadi ina jina lake. Mlipolisoma mngeifunga tu, msisome ya ndani. Yeye aliibiwa, hakuiba."

Sajini akamsogezea kalamu. Bila sahihi gari halitoki. Akatia sahihi.

Shemeji ndiye aliyeendesha, amekalia kiti kilichochanwa. Kwenye kona ya nyumbani akapunguza mwendo. "Kumbe kaka alikuwa kichaa, na wewe shemeji ukatufumba macho."

"Alikuwa dereva," mjane akasema.

Mdomo hauna kufuli. Kabla jua halijatua wifi zake wote walikwisha kupata habari.

Siku hizi anashona viti vya watu kama zamani. Kile cha dereva hajakigusa. Wifi zake huja Jumapili, hukaa, na humtazama binti wa marehemu anavyoshika kikombe, kama wanaotafuta ugonjwa wa baba yake.