Magavana wa Kivulini

Bibi yangu Batuli alifariki mara nne. Mara tatu za kwanza nilimuua mimi, kwa maneno tu, ili nipewe ruhusa ya kutoka shuleni kwetu Mpwapwa niende nyumbani Dodoma, mtaa wa Kikuyu, nikale pilau. Mara ya nne alikufa mwenyewe, bila kunishauri.

Ilikuwa Septemba 1994. Mjomba Imrani alimpa barua kondakta wa basi la alfajiri, kondakta akaiacha getini, na kutoka getini ikafika kwa Gaudence, Rais wa serikali ya wanafunzi. Maombi yote ya ruhusa yalipitia kwake kabla ya kufika kwa mwalimu wa zamu. Alikuja darasani kwetu akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"'Mama ametutoka usiku. Maziko ni leo baada ya swala ya alasiri. Iddy aje upesi.'" Akaikunja. "Pole sana, Iddy. Huyu bibi yako ana bidii. Safari hii anazikwa na nani? Wale wale wa mwezi wa nne?"

Darasa likaangua kicheko.

"Kaka Gaudence, safari hii ni kweli."

"Na zile nyingine?"

Akaitia barua mfukoni, nami nikabaki kwenye kipindi cha Jiografia. Saa kumi alasiri, wakati namalizia ramani ya mvua za nyanda kavu, mwanamke aliyenilea tangu nina miaka miwili alikuwa anateremshwa kaburini, na mjukuu wake hayupo kutupia hata konzi moja ya udongo.

Siku ya tatu nyumbani walipiga simu, ukweli ukajulikana. "Pole," Gaudence aliniambia, "lakini ulijitakia." Ni kweli nilijitakia. Ndiyo maana nilimchukia mara mbili.

Silaha niliipata kwa Mwalimu Sostenes. Alikuwa akifundisha Siasa, na somo hilo lilipobadilishwa jina kuwa Uraia, naye alibadilika nalo bila kutoka jasho. Mwezi huo alirudi kutoka semina ya wiki tatu kuhusu serikali za nchi za nje, akafuta viranja wa mabweni. Kuanzia sasa, alitangaza kwenye paredi, kila bweni ni jimbo na kila jimbo litachagua gavana wake. Tulikuwa na majimbo matatu: Haneti, Kondoa na Kongwa. Katika kila jimbo Rais angesimamisha mtu wake, na yeyote mwenye moyo angeweza kupambana naye.

"Gavana ni kipimajoto cha Rais!" alisema Mwalimu. "Raia akimchoka Rais, humwangusha mtu wa Rais. Wakianguka watatu wote, Rais naye atajiuzulu."

Gaudence alipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Nilikuwa mpiga kengele wa shule, na pia mtunza ndoo ya chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira. Mwalimu akaniagiza nichore mistari miwili kando ya ukuta wa bwalo la chakula. Kura zetu zilikuwa za kupanga mstari: mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, kisha wanahesabiwa. Mgombea hageuki nyuma. Mpiga kura anaruhusiwa kuhama mstari hadi hesabu ianze.

Uchaguzi ulipangwa Oktoba, saa tisa alasiri. Kwa siku tatu mfululizo, saa hiyo, nilipima kivuli cha bwalo kwa nyayo zangu kwa uangalifu wa mhandisi wa reli. Kiliishia hatua ya nne kutoka ukutani. Nikachora mstari mmoja hatua ya pili, na mwingine hatua ya saba, juani, penye kokoto.

Gaudence alikuja kukagua asubuhi, kote kukiwa bado jua. "Watu wangu wapi?"

"Mstari wa nje, kulia kwa Mwalimu, mheshimiwa. Kulia ndiko kwa serikali."

"Safi. Umeanza kukua, Iddy."

"Nakua kwa ajili yako, mheshimiwa."

Jimbo la Haneti lilitangulia. Mtu wa Rais alikuwa Charles, kijana mwema, asiyepunja maharage anapogawa chakula. Watu arobaini na wanane wakajipanga nyuma yake. Nyuma ya Harithi, mpinzani wake, wakajipanga thelathini na mmoja. Mwalimu akafungua daftari ahesabu. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu, sijaelewa. Uchaguzi wa gavana utaonyeshaje maoni ya watu juu ya Rais? Kama mtu anampenda Rais ila hampendi gavana?"

Mwalimu alifunga daftari taratibu. Sijawahi kuona bwana harusi mwenye furaha kama ile.

"Swali zuri mno! Sikilizeni nyote, kila mtu palepale alipo!"

Akaanza. Dakika ya tano, watu wa Charles walijifunika vichwa kwa madaftari. Dakika ya kumi kokoto zilipenya kandambili, mvulana mmoja akaruka upande wa pili kama anayevuka makaa. Kisha wawili. Kisha sita. Charles, aliyekatazwa kugeuka, aliendelea kutabasamu mbele huku wananchi wakimkimbia nyuma. Kura zilipohesabiwa alikuwa na tisa, na Harithi sabini.

Kondoa nikauliza kuhusu wasiojitokeza kupiga kura. Kongwa sikuuliza kitu. Mwalimu alikuwa ameshapata moto, aliendelea mwenyewe.

Jioni ile Gaudence alijiuzulu, amesimama juu ya benchi na tai shingoni.

Kesho yake wakati wa mapumziko alinifuata kwenye kengele, ameshika karatasi.

"Iddy, niambie ukweli. Niliwakosea nini? Ni filimbi ya asubuhi? Foleni ya maji?"

Nikaichukua karatasi. Alikuwa ameorodhesha makosa yake kumi na moja. Nilisoma hadi mwisho. Bibi yangu hakuwemo.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini mtu alikuwa anaungua kwa moto wangu, na hata hajui nani kauwasha.

"Hawakukukataa," nikamwambia. "Walikimbia jua." Nikamweleza yote: nyayo, chokaa, swali.

Alinikodolea macho. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya bibi yangu."

"Bibi yupi?" Na naapa aliuliza bila kejeli. "Wa kwanza au wa tatu?"

Kabla sijamjibu alinishika mkono akanikokota hadi ofisi ya Mwalimu Sostenes. Mezani palikuwa na ripoti ya kurasa sita, ya kupelekwa kwa waandaaji wa semina. Gaudence akaeleza, akihema.

"Kijana," Mwalimu alimjibu kwa huruma, "viongozi wakianguka husingizia hali ya hewa."

"Muulize Iddy!"

"Iddy, ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu," nikasema. "Nilipanga mimi." Nilisema kwa uso uleule niliozoea kuutumia kutangazia misiba.

Mwalimu akatikisa kichwa, akamgeukia Gaudence. "Umemtishia nini mtoto wa watu hadi aseme hivi? Aibu! Toka."

"Lakini ni kweli, Mwalimu! Wallahi ni kweli!" alilia Gaudence, naye ni Mkristo.

"Toka."

Tulisimama barazani. Gaudence aliegemea nguzo, na polepole nikaona jambo likimwingia usoni.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

"Batuli."

"Pole, Iddy."

Nikamwambia hiyo pole ameichelewesha wiki tano. Aipeleke mwenyewe Kikuyu, makaburini, na kabla ya kwenda akaombe ruhusa kwa Rais mpya.