Mpira Uliogusa Mstari

Lavinia Tansley aliuona mpira wa tenisi kwa macho yake. Uligusa mstari, chokaa ikatimka, ukaruka hadi kwenye viti vya akina mama. Aliyekuwa akisimamia mstari ule ni baba yake, Mchungaji Tansley, mtu ambaye mji mzima ulimwachia funguo za nyumba ukisafiri.

"Nje!" alisema baba.

Upande wa pili wa wavu alisimama mpinzani wake, Dorcas Plimpton, binti wa mwoka mikate, jasho limelowesha kola ya gauni. Pointi ile ndiyo ingempa ushindi. Mwamuzi akageuka kitini. "Bi Tansley, wewe umeonaje?"

Kusema kweli kulikuwa kumwita baba mwongo mbele ya umati.

"Nje," Lavinia akasema, akainama kunyoosha pindo la gauni lililokuwa limenyooka.

Tangu hapo mkono wa Dorcas ukapoteza nguvu. Akafungwa geimu tano mfululizo. Lavinia akakabidhiwa kikombe cha fedha, wanaume wakavua kofia, bendi ikapiga. Uso ulimwaka.

"Mwone anavyoona haya, maskini," mke wa mwenyekiti wa klabu akamnong'oneza jirani yake. "Hayo ndiyo malezi!"

Alimkuta baba nyuma ya hema la chai, ameshika kisahani cha stroberi ambazo hakuzigusa.

"Baba, ule mpira ulikuwa ndani."

"Najua."

"Uliuona?"

"Niliuona, mwanangu. Wanakusema kila siku, umefika ishirini na tisa bila mume. Nilitaka wakupigie makofi, japo mara moja." Lavinia alitamani ardhi ipasuke immeze, si kwa aibu yake tu, bali na ya baba.

Jioni ile wakaenda kwa akina Plimpton, wakabisha mlango wa nyuma. Dorcas alitoka jikoni, unga umemjaa mikononi.

"Hiki ni chako," Lavinia akasema, akinyoosha kikombe. "Nilidanganya."

"Tulidanganya," baba akasema.

Dorcas aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mnaniletea mlango wa nyuma? 'Nje' mlisema mbele za watu, Mchungaji. Na 'ndani' mkaseme huko huko." Akawafungia mlango.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alipanda mimbarini, akafungua Biblia, akaifunga tena. Lavinia akainuka kutoka kiti cha mbele.

"Mpira wa Dorcas ulikuwa ndani," akasema. "Niliuona, nikakana."

"Nami niliuona kabla yake," baba akamalizia, kichwa chini. "Nikamwibia yule binti mbele ya macho yenu."

Mke wa mwenyekiti akajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Kabla ya juma kwisha klabu ilifuta majina ya baba na binti kwenye orodha ya wanachama, na mialiko ya chai ikakoma.

Ibada ya Jumapili ile ilipokwisha, Dorcas alikuwa amekipokea kikombe mlangoni pa kanisa, akakitia kikapuni. Hakusema asante, wala hakuwa na sababu ya kusema.