Ukinyamaza, Wote Watumiwe

Mambo ya kompyuta msimsumbue mtu mwingine, niulizeni mimi. Nimeshaipangusa vumbi moja, na nusura niiangushe.

Basi fundi wa kompyuta wa kliniki ya meno alikuwa na akili nyingi, na kama hukulijua hilo angekwambia mwenyewe. Alikuwa ametunga skripti, kijifaili cha amri, ya kuwakumbusha wagonjwa siku zao kwa ujumbe wa simu. Unaiita kwa jina, kisha unaiongezea chaguo: --ujumbe na maneno yako, --kwa na namba ya mtu. Dada wa mapokezi akamuuliza, je, mtu akisahau --kwa? Fundi akajibu kwamba aliyenyamaza anataka wote watumiwe. Dada akasema si afadhali igome, imuulize kwanza. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Programu ya kuuliza-uliza, alisema, ni ya watu wasiojua wanachotaka.

Yeye alijua. Jumapili ile alitaka kulala. Mama mkwe alikuwa anahama, na kabati lake, zito kama dhambi, lilimngoja mkwe wa kulibeba. Alishakwepa kuziba bomba, akakwepa kupaka rangi, na mkewe, aliyetangulia kwa mama yake, alimwachia neno: leo usipotokea, mama akikuita mume wa mdomo sikutetei tena.

Akipiga simu atababaika. Lakini ujumbe wa skripti huja na jina la kliniki, na nani abishane na kliniki? Akaiweka kompyuta tumboni, akaandika: "Mama mkwe, mkweo yuko kliniki tangu alfajiri, mitambo imeharibika. Anaomba radhi kwa kabati." Akabonyeza, akavuta shuka.

Na kwa utamu wa usingizi, --kwa hakuiweka.

Basi kila mwenye jino bovu akapata habari. Wazee wa watu na ndevu zao wakaitwa mama mkwe. Daktari mwenye kliniki, ambaye fundi alimweka kwenye orodha ili aone kazi inavyokwenda, alisoma "mitambo imeharibika", akaacha chai mezani, akawasha gari. Njiani akampitia mama mkwe, mgonjwa wake wa siku nyingi, wakamtie moyo kijana, maskini, Jumapili nzima na bisibisi.

Simu ya fundi ikalia. Mama mkwe, sauti asali tupu.

"Mkwe wangu, pole na kazi. Bado uko kliniki?"

"Niko humu ndani, mama," akasema fundi, akijiinua kitandani ili sauti isitoke na mto. "Mikono yote grisi. Hata simu nimeibana kwa bega."

"Pole, baba. Mimi na daktari tuko hapa mlangoni, tumekuja kukusaidia." Akakohoa kidogo. "Ila kufuli limefungwa kwa nje. Wewe ulipitia wapi?"