Jedwali la Mbili

Chausiku alikuwa akigeuza vitumbua nje ya ua wa shule, Temeke, wimbo ulipotoka dirishani. Akajiunguza kidole.

"Mbili mara moja, mbili! Mbili mara mbili, nne!"

Maneno yalikuwa ya hesabu, lakini mahadhi aliyajua. Mumewe alipomwacha akahamia kwa Somoe, kungwi yuleyule aliyemfunda Chausiku mambo ya ndoa, wanawake wa chama pinzani cha ngoma ya lelemama walimtungia wimbo:

*Chausiku kapika wali, kala mwenzake,*
*Kitanda katandika, kalala mwenzake.*

Ulikuwa wimbo mtamu, na utamu wake ndio uliomponza. Uliimbwa harusini, kisimani, hata kwenye vinu. Chausiku, aliyekuwa mwimbishaji wa kutegemewa katika chama chake, akafunga kinywa. Hata mwanawe hakumbembeleza kwa wimbo.

Mwalimu Gozbert alikuwa mtu wa Bukoba, mgeni wa mji, tena mwema. Ila wema usiouliza nao huumiza. Watoto walipokuwa hawashiki hesabu aliwauliza, "Wimbo gani mnaujua nyote?" Walitazamana, wakachekeana, wakampa mahadhi ya huo, maneno wakayaficha. Wiki haikuisha, darasa zima likawa linajua jedwali la mbili, na Mwalimu akajiona amepata dawa. Nani wa kumwambia? Watoto wale walikuwa na adabu sana pale mtu mzima alipokuwa anapotea.

Asiyejua mwingine alikuwa Tunu, binti wa Chausiku. Wimbo ulitungwa yeye angali mchanga, na mbele yake watu waliumeza. Basi aliimba kuliko wote, hata nyumbani akiosha vyombo.

"Mama, mbona huniitikii?"

"Nina mafua, mwanangu."

Angemkataza, ingembidi amweleze. Na angemweleza, Tunu asingekanyaga tena shuleni, naye alikuwa na akili ya kusoma. Chausiku akaendelea na mafua yake.

Siku ya mkaguzi, Mwalimu aliagiza vitumbua vya mgeni. Chausiku aliingia na sinia darasa likiwa limesimama, linaimba. Walipomwona, vicheko vikapita kwenye madawati ya nyuma. Msichana mmoja akainama sikioni kwa Tunu, akamwimbia maneno ya asili, polepole, yote mpaka mwisho. Mkaguzi wa Kizungu alikuwa akipigapiga mguu chini kwa furaha.

Tunu alimtazama mama yake. Kisha akanyamaza.

"Tunu! Wanitia aibu mbele ya mgeni," Mwalimu alisema. "Imba!"

Hakuimba.

"Nyoosha mkono."

Fimbo ya kwanza ilimfanya afumbe macho. Ya pili ilimtoa machozi, lakini kinywa hakikufunguka, na nyuma yao wenzake waliendelea kuchekea viganjani. Mwalimu akainua tena fimbo.

"Mwalimu, niwie radhi," Chausiku alisema. "Mwache. Nitamwimbisha mie."

"Kumbe nawe waujua, mama?"

"Naujua."

Akaweka sinia chini. Sauti ilitoka nzima, kana kwamba haikuwahi kufungiwa. "Mbili mara moja..." Vicheko vikakatika. "Mbili mara mbili..." Darasa likaitikia, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Alikuwa anaungua kwa aibu, lakini hakumwondolea Tunu macho mpaka midomo ya mtoto ikaanza kutikisika. Fimbo ikarudi mezani.

Mkaguzi alipiga makofi. Mwalimu Gozbert aling'aa uso mzima.

"Ama kweli una kipaji, mama! Kesho uje tena uwaongoze. Tunaanza jedwali la tatu."

"Nitakuja, Mwalimu," alisema, maana Tunu alikuwa bado anapuliza kiganja chake.

Jioni ile Tunu aliosha vyombo kimya uani. Chausiku alikaa karibu naye, akachambua mchele wa kuloweka. Alisubiri, akasubiri, mwishowe akaanza mwenyewe, kwa mahadhi yaleyale, kwa sauti ndogo.

"Tatu mara moja?"

Sahani iligongana na sahani. Tunu alimwaga maji machafu, akateka mengine, akaendelea kuosha.